Likizo peke yake haikuniponya, mpaka kazi yenyewe ilipobadilishwa

Habari zenu ndugu zangu. Naandika hii kwa ajili ya yule anaelala usiku mzima na bado akiamka mwili unagoma, yaani uchovu wa kazi uliopitiliza wanaouita bernauti (burnout), maana nimepita huko na najua watu wengi wanaambiwa "chukua likizo upumzike", wanaenda, wanarudi, wanakuta hali ni ile ile, mwisho wanaanza kudhani wao ndo wabovu. Sio hivo jamani.

Mimi nipo kitengo cha mishahara. Kwa nje inaonekana kazi ya kukaa tu na kompyuta ila anaeifanya anajua, mwezi hauishi, ukishalipa huu unaanza mwingine, katikati hapo kuna oveltaimu zimeletwa zimechelewa, kuna aliyebadilisha akaunti ya benki dakika za mwisho, kuna makato hayaeleweki, na mtu akiona tofauti kwenye slipu yake anakuja kwako wewe, sio kwa aliyechelewesha fomu. Simu za usiku nazo ni zako.

Ilikuja taratibu. Nikawa nashtuka usiku wa manane nawaza namba, jumapili ikifika jioni tumbo linakaza, nikaacha kwenda kula na wenzangu nikawa nakula pale pale mezani huku mkono mmoja uko kwenye kibodi. Yote hayo niliyaona ya kawaida tu ya kazi. Kilichonitisha ni siku alipokuja kaka mmoja wa shifti ya usiku, mtu mpole sana, ameshika slipu yake kaikunja mpaka imekua kidogo kama stempu, akaikunjua taratibu juu ya meza yangu akaweka kidole kwenye mstari wa oveltaimu, "samahani dada, hapa naona kama hazijaingia zote". Nikawa nakiangalia kile kidole kinavyofuata namba na moyoni sisikii chochote, sio huruma, sio hamu ya kumsaidia, nataka tu aondoke. Na mimi hii kazi niliipenda kwa sababu napenda mtu apate haki yake kamili! Alivyoondoka nilikaa nikajiuliza huyu aliyekua anaongea nae ni nani.

Ndo nikaanza kusoma kuhusu bernauti. Kuna mwanasaikolojia wa Marekani anaitwa Christina Maslach, amelichunguza hili miaka mingi, anasema lina pande tatu: kuishiwa nguvu kabisa, kuwa baridi na kutowajali hata watu unaowahudumia, na kuhisi huna unachoweza. Ile ya pili ndo ilinikuta kwenye slipu. Alafu Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 liliiweka kwenye ICD-11, orodha yake ya magonjwa na hali zinazohusu afya, kama hali inayotokana na stresi ya kazini ya muda mrefu ambayo haijashughulikiwa, na halikuiita ugonjwa. Hapo niliona mwanga, kwasababu kama chanzo kiko kazini basi huwezi kuitibu kwa kujitazama wewe tu.

Ila kabla ya yote nenda hospitali, hili nasisitiza sana. Mimi nilipimwa damu na tezi ya thairodi, maana upungufu wa damu au thairodi ikiwa chini vinachosha vile vile na ungekua unahangaika na bosi bure. Daktari akaniuliza pia kama mambo ninayoyapenda nje ya kazi bado yananipa raha, kwasababu sonona (dipresheni) hua inakufuata kila sehemu na inahitaji matibabu yake, na vyote viwili vinaweza kuwepo kwa pamoja. Na kama umefika kuwaza kujidhuru usisubiri hata kesho, tafuta msaada leo leo.

Likizo nilichukua. Nililala sana, sura ikarudi, watu nyumbani wakafurahi. Nikarudi ofisini, na haikuchukua hata mwezi tumbo likaanza kukaza tena. Kazi ilikua inanisubiri jinsi nilivyoiacha, na ya siku ambazo sikuepo ikiwa juu yake.

Kilichonitoa ni daftari. Nilianza kuandika kila kitu kinachonifikia mezani, nani kaleta, saa ngapi, na pembeni naweka alama kama kimenichosha au la. Nilitegemea mahesabu ndo yawe tatizo kwa wingi wake. Wapi! Mahesabu yalikua karibu hayana alama kabisa, yaani nikiachwa na hesabu zangu natulia vizuri tu. Alama zote zilikua kwenye kukatizwa, unaanza kukagua orodha mtu anakuja, unarudi mwanzo, simu inaita, unarudi mwanzo tena, na kwenye vitu ambavyo lawama ni zangu ila uamuzi sio wangu. Maslach na mwenzake Michael Leiter wanataja maeneo sita yanayochoma watu kazini, wingi wa kazi ni moja tu kati ya hayo, mengine ni uwezo wa kuamua, kutambuliwa, mahusiano na wenzako, haki, na kazi kuendana na unachokiamini. Langu lilikua la kuamua.

Nikaenda kwa bosi na lile daftari. Sikumwambia nimechoka, kila mtu ofisini amechoka na jibu lake ni "vumilia kidogo". Nilimfungulia kurasa nikamwambia bosi, hizi fomu zikija baada ya tarehe fulani lazima kuna watu watalipwa pungufu, naomba wewe uitangaze tarehe ya mwisho, ikitoka kwangu hawaisikii. Akakubali. Maswali ya slipu tukayatengea lisaa limoja la mchana, na mwenzangu mmoja akafundishwa hatua ya mwisho ya uhakiki ili nisiwe peke yangu ninaeijua. Grupu la kazi nikalizima sauti jioni, wenye dharura kweli wapige simu. Mwezi wa kwanza watu walinung'unika sana alafu wakazoea. Najua sio kila bosi anasikiliza, kama wako hasikii daftari hilo hilo peleka kwa anaehusika na wafanyakazi au chama chenu, na likikwama kote angalau unajua unatafuta kazi ya namna gani.

Kupona kulichukua muda kuliko nilivyotaka. Nguvu zilirudi mapema, umakini ulichelewa, bado nikawa nasoma baruapepe moja mara tatu sielewi, na siku nzuri ikija nilikua najizuia nisiimalize yote kwa kulipia viporo, kwasababu kesho yake ningelala chali. Jioni kabla sijafunga kompyuta naandika kilichobaki na pa kuanzia kesho, usiku namba zikaacha kuniamsha. Kutembea kwa miguu pia kulinisaidia sana.

Wale mnaojisifia masaa, mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitoa makadirio kwamba anaefanya kazi masaa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kiharusi kubwa zaidi kwa asilimia 35 kuliko wa masaa 35 mpaka 40. Iyo sio stori ya uvivu.

Sahivi dalili yangu ya kwanza naijua, ni kula mezani. Nikijikuta nimeanza, daftari linatoka. Mwisho wa mwaka ndo bado mgumu, wakaguzi wanakuja wakati huo huo wa kufunga hesabu, kwaiyo safari hii nimeomba mtu wa kunisaidia mapema na likizo nimeiweka kabla ya msimu, sio baada. Bosi amesaini ya likizo, ya msaidizi bado nafuatilia.