Moshi yetu, maganda yetu na makaa yetu

Habari zenu wapendwa, leo naongea na wenzangu wa hapa Moshi mjini, Pasua, Soweto, Majengo, Njoro, Kiborloni na kwingine kote, hasa sisi wapangaji tuliokaa kwenye nyumba zenye uwanja wa sementi na kasehemu kadogo ka udongo pembeni ya ukuta. Siku hizi mabadiliko ya tabianchi yanaongelewa kila sehemu, tunapanda miti, tunapiga picha na miche, na ni vizuri tuendelee kupanda, ila mimi naamini kwa nyumba ya kawaida ya hapa kwetu kazi kubwa iko jikoni, kwenye vitu viwili, maganda tunayotupa na moto tunaopikia. Hayo mengine sijui kuzima taa sijui kuchomoa chaja nayo fanyeni, yana faida kidogo, ila ukiyaweka pembeni ya gunia la makaa hayafiki popote.

Nianze na taka. Chukua kiroba cha taka cha nyumbani kwako, taka za siku mbili tu, mwaga chini uangalie kuna nini mle ndani. Utakuta maganda ya ndizi kwanza, maana huku kwetu ndizi inamenywa karibu kila siku, leo mtori kesho kiburu keshokutwa ndizi nyama, na mkungu ukishamenywa maganda yanajaza beseni. Alafu mabua ya mchicha na mnafu, maganda ya viazi, majani ya chai, maganda ya mayai, embe lililooza upande mmoja, ugali wa jana. Sehemu kubwa ya hicho kiroba ni vitu vilivyotoka shambani na vinaweza kurudi shambani, plastiki na makaratasi vinaonekana vingi kwa macho ila kwa uzito ni kidogo.

Sasa huko juu Kibosho, Uru, Marangu, Machame, bibi zetu hawakuwahi kuhangaika na hivi vitu. Maganda ya ndizi yanaenda kwa ng'ombe wa ndani, ng'ombe anatoa samadi, samadi inarudi kwenye migomba, majani ya mgomba yaliyokauka yanatandikwa zizini alafu nayo yanageuka mbolea, migomba inaipa kahawa kivuli, juu yake kuna miti ya mringaringa na mruka, na maji ya mfongo, yaani mfereji wetu wa asili, yanapita katikati. Kihamba, yaani shamba la nyumbani la Wachaga, kimelisha watu wengi kwenye ardhi ndogo kwa miaka mingi sana bila kutegemea sana mbolea ya dukani, na siri yake ni kwamba karibu hakuna kinachotoka nje ya kihamba bila kurudi. Sisi tuliposhuka mjini tukaacha yote hayo huko, ganda lilelile la ndizi tukaanza kuliweka kwenye kiroba tukalilipia hela ya taka libebwe mpaka dampo Kaloleni.

Na huko dampo ndo tatizo la hali ya hewa linapoanzia. Watu wengi wanadhani ganda likioza limeoza tu basi, hapana. Likiozea juu juu sehemu yenye hewa, wadudu wa udongo wanalila taratibu linakuwa mboji. Ila likifukiwa chini ya marundo ya taka nyingine hewa haipiti, linaozwa na aina nyingine ya bakteria ambao wanatoa gesi ya metheni, na metheni kwa kipindi cha miaka 20 inashika joto zaidi ya mara 80 kuliko kabonidayoksaidi ya uzito uleule. Kidunia chakula kinachopotea na kutupwa, kuanzia shambani mpaka mezani, kinachangia kama asilimia 8 mpaka 10 ya gesi zote zinazopasha dunia joto. Shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, lilikadiria kwamba mwaka 2022 pekee dunia ilitupa tani zaidi ya bilioni moja za chakula, na asilimia 60 ilitoka majumbani, yaani sio hotelini sio sokoni, ni kwenye sahani na masufuria ya watu kama mimi na wewe.

Kwa hiyo nyumbani kwangu tunatenga ndoo mbili. Moja ya vitu vinavyooza, moja ya vitu visivyooza. Watoto wameshika haraka kuliko wakubwa, wageni ndo inabidi uwaelekeze. Ile ya vinavyooza inaenda kwenye rundo letu la mboji kwenye kona nyuma ya bafu, na nataka niwaelezee vizuri hapa maana watu wengi wanaanza alafu wanaacha kisa harufu na nzi.

Harufu inakuja ukiweka maganda mabichi matupu. Chini tandaza vijiti na mabua ili hewa ipite, weka maganda, alafu funika na kitu kikavu, majani makavu, maranda ya kwa fundi seremala, hata maboksi ya karatasi uliyoyachana vipande vidogo. Kikavu kiwe kingi kuliko kibichi, kama mara mbili hivi kwa macho. Nyunyiza majivu kidogo tu, ukipata na samadi mkono mmoja ni baraka. Kila wiki au mbili ligeuze na jembe hewa iingie, na uangalie unyevu, ukichota ukaminya kiganjani mkono ulowe ila maji yasichuruzike. Ukilifukua siku ya tatu ya nne katikati linafuka mvuke na ukisogeza mkono unasikia joto, hapo ujue kazi inaenda. Mifupa, nyama na vitu vya mafuta usiweke maana utaita panya na mbwa wa mtaa mzima. Baada ya miezi miwili mitatu unapata kitu cheusi kinachonukia udongo wa msituni baada ya mvua, hakuna hata dalili ya ganda.

Mama mwenye nyumba wetu mwanzoni hakukubali kabisa. Akaja akasimama pale akaniambia, "Mwanangu, hayo maganda yatatuletea nyoka hapa." Nikamwambia, "Mama nipe mpaka mchicha utakapokomaa, ukiona hata nzi niambie naondoa siku hiyohiyo." Sasa hivi yeye ndo anawaambia wapangaji wapya ndoo ipi ni ya nini, na mboji anachukua ya maua yake, mimi nafurahi tu.

Kama huna hata hiyo kona ya udongo usikate tamaa. Ndoo kubwa ya rangi iliyoisha, itoboe matundu chini na ubavuni, inafanya kazi hiyohiyo kwa udogo. Mboji unajaza kwenye gunia unapanda sukuma wiki na spinachi ubavuni mwa gunia, mboga ya nyumbani inatoka hapo. Kama hilo nalo gumu, tafuta mtu anayefuga, Moshi hii nguruwe na ng'ombe wa maziwa wako mpaka katikati ya makazi, utampata kijana anayepita kuchukua maganda na atakushukuru. Ila muwe waaminifu jamani, usimchanganyie na vifuko vya nailoni humo ndani, ng'ombe akimeza nailoni inamkaa tumboni na anaweza akafa.

Kwenye ile ndoo ya pili chupa za maji na makopo tunaweka pembeni kwa ajili ya wale vijana wanaokusanya na kuuza skrepa, hela ni yao na mazingira ni yetu sote. Mifuko ya rambo tulishaagana nayo tangu tarehe 1 Juni 2019 serikali ilipoipiga marufuku na kwa kweli mitaro ilibadilika, ila naona kwenye masoko vile vifuko laini vya kufungia nyanya na karanga vimeanza kutumika kubebea kila kitu, sasa hapo tunarudi kulekule. Kikapu cha mkeka hakina uzito, kiweke mlangoni ukitoka unakutana nacho. Pampasi ndo mtihani, hazina njia nzuri, mimi mtoto wangu mdogo alivaa nepi za kitambaa mchana na pampasi usiku tu, kufua ni kazi sikatai lakini taka ilipungua sana.

Na kitu ambacho naomba tuache ni kuchoma taka. Jioni ukipita mitaani unakuta kila uwanja una kimoto, plastiki, maboksi, majani, pampasi, vyote kwa pamoja, na watoto wanacheza pembeni. Ule moshi mweusi wa plastiki una sumu zinazoingia moja kwa moja kwenye mapafu, na yale masizi meusi yenyewe yanashika joto la jua. Najua sababu, gari la taka lisipopita wiki nzima mtu anachoka. Ndo maana nasisitiza kutenga, ukishatoa vinavyooza kile kinachobaki ni kidogo, ni kikavu, hakinuki, kinaweza kusubiri gari hata wiki mbili bila kuchoma kitu.

Haya twende kwenye moto wa kupikia, hapa ndo roho yangu ilipo.

Kupata kilo moja ya makaa kwa lile tanuri letu la kufukia udongo inatumika kuni kama kilo tano mpaka kumi, maana nguvu nyingi ya ule mti inapotelea porini kabla gunia halijafungwa. Kwa hiyo ukiona sado ya makaa pale kwa mangi, ujue umeona kipande kidogo cha mti mkubwa. Na kwetu sisi msitu ndo maji. Wengi wanaangalia barafu ya Kibo, kile kilele cha Kilimanjaro, na kweli inasikitisha, kati ya mwaka 1912 na 2011 imepungua kwa kama asilimia 85, lakini maji tunayokunywa na yanayoingia kwenye mifongo yanatokana zaidi na mvua na ukungu unaokamatwa na msitu kuliko hiyo barafu. Miti ikiisha maji yanaisha, iwe barafu ipo au haipo. Moto wa mlimani wa Oktoba 2020 uliteketeza eneo kubwa, tukaupata tena Oktoba 2022, kwa hiyo mlima una mizigo ya kutosha tayari.

Kitu kinachomaliza makaa kwenye nyumba nyingi ni maharage. Wali unapika kwa gesi, chai kwa gesi, ila maharage kila mtu anasema "hayo siyaweki kwenye gesi yatanimalizia mtungi" na anawasha jiko la mkaa masaa matatu. Loweka maharage usiku kucha, mwaga yale maji, weka mapya, hapo tu umeshapunguza muda mkubwa. Mwenye uwezo wa sufuria la presha la umeme, maharage yaliyolowekwa yanaiva ndani ya saa moja na umeme unaotumika haufiki uniti moja, fanya hesabu mwenyewe na bei ya sado ya makaa mtaani kwenu. Na umeme wetu sehemu kubwa unatokana na maji na gesi asilia, Bwawa la Nyerere kule Rufiji lilianza kuingiza umeme kwenye gridi mwaka 2024. Asiye na presha achemshe maharage nusu saa, yakiwa bado yanatokota afunike sufuria vizuri aliingize kwenye kapu lililojazwa mablanketi na nguo chakavu, afunike juu na mto, akirudi baada ya masaa manne atayakuta yameendelea kuiva yenyewe bila moto, anayamalizia dakika chache.

Siwasemi wanaotumia makaa. Mtungi wa gesi pamoja na jiko lake ni hela ya kutoa kwa mpigo, na mama ntilie anayepata hela kwa siku ananunua makaa kwa siku, hawezi vinginevyo. Kwenye kikoba chetu tumeamua mkopo wa mtungi na jiko usiwe na riba, mtu analipa kidogo kidogo, na naona vikundi vingine mnaweza kabisa. Serikali ina mkakati wa mwaka 2024 mpaka 2034 wa kufikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ya kupikia, hiyo asilimia haiwezi kufika bila wanawake kusaidiana hivi. Na kwa wale wenye ng'ombe wawili watatu nyumbani kwa wazee, jiko la baiogesi lifikirieni kwa uzito, samadi ya hao ng'ombe inatosha kupikia nyumba, kinachobaki bado ni mbolea ya migomba, na pale Arusha CAMARTEC, kituo cha serikali cha zana za kilimo na teknolojia ya vijijini, wamekuwa na hiyo teknolojia tangu miaka ya 80.

Desemba ndo hiyo inakuja, Wachaga tunarudi wote nyumbani kijijini, magari yanajaa barabarani, kila ukoo na sherehe zake. Mwaka jana kwetu baada ya sikukuu kulikuwa na lundo la chupa ndogo za maji na sahani za kutupa linafika kiunoni, na ndizi nyama sufuria zima limemwagwa maana watu walikula nyumba tatu kabla ya kufika kwetu. Mwaka huu nimeshaongea na shangazi na wanawake wenzangu wa ukoo, tutakodi sahani na vikombe, maji ya kuchemsha tutaweka kwenye ndoo za bomba, idadi ya watu tutaulizana kwenye grupu kabla ng'ombe hajachinjwa, na kila familia ije na hotpoti yake ya kuondokea na chakula. Shemeji mmoja analalamika kwamba wageni watatuona hatuna uwezo, shangazi amesema hilo tumwachie yeye.