Jipu la Mama

Mwaka 2011 Mama alitokwa na jipu chini ya taya, upande wa kulia. Sote pale nyumbani Pangani tuliliita jipu. Linapasuka, usaha unatoka, kidonda kinafunga. Wiki mbili hazipiti, linavimba tena palepale. Tulimkanda kwa maji ya chumvi. Mimi mwenyewe nilimnunulia amoksilini duka la dawa, nusu dozi, maana siku ya tatu maumivu yalikuwa yakiisha. Hiyo nusu dozi inanichoma moyo hadi leo. Zahanati walimsafisha na kumfunga bendeji mara nne. Hakuna aliyemwambia apanue kinywa.

Gego lake lililotoboka tulilijua. Kwa miaka lilimkosesha usingizi, anaweka karafuu, linatulia. Kisha likaacha kuuma kabisa, tukashukuru Mungu. Kumbe lilikuwa limekufa.

Kilichonishtua ni chai. Asubuhi moja ilimchuruzika kidevuni hadi kwenye kanga, naye hana habari. Nusu ya mdomo wa chini ilikuwa imekufa ganzi. Siku hiyohiyo tukapanda basi la Tanga.

Daktari wa meno alikuwa kijana. "Shikamoo, Mama. Naomba ufungue mdomo." Akabonyeza ufizi kando ya lile gego, na usaha ukatokea nje, chini ya taya, kwenye tundu la jipu. Nilisimama nyuma ya kiti nikihesabu miezi. Saba.

Kwenye eksirei taya lilionekana kama ubao ulioliwa na mchwa, na katikati kipande cha mfupa kimejitenga. Daktari alinieleza taratibu: vijidudu vilishuka kwenye mzizi wa jino hadi mfupani, damu ikakosa njia, kipande kikafa. Dawa husafiri na damu, kwa hiyo kwenye mfupa mfu vidonge havifiki. Taya la chini huathirika zaidi kwa kuwa damu yake ni haba kuliko ya taya la juu. Na Mama ana kisukari.

Wakang'oa gego, wakakwangua, wakautoa ule mfupa. Nesi alinionyesha kwenye kibakuli: kama punje ya mahindi, wa kijivu, una vitobo. Dawa alitumia wiki sita. Kila dozi nilimpa kwa mkono wangu, nikitia alama kwenye kalenda ya ukutani.

Kidonda kilifunga, hakikurudi. Ganzi haikuondoka yote. Mama akinywa chai, mkono wa kushoto unashika pindo la kanga.