Namba 29 iliyoninyima usingizi

Usiku ule nililala na karatasi ya maabara chini ya mto. CA 15-3, kipimo cha damu cha saratani ya titi: 29. Miezi mitatu nyuma, hospitalini, ilikuwa 22. Hesabu siziwezi sana, lakini zile saba zilizoongezeka nilijipa maana yake mwenyewe: ugonjwa umerudi. Nikaanza hata kupanga nani atakaa na kitindamimba wangu.

Na hakuna aliyeniagiza kipimo kile. Nilishamaliza upasuaji, dripu na mionzi, nimebaki na kidonge kimoja kila siku. Kumbe ukimaliza matibabu ndipo hofu inapata nafasi. Nikaingia maabara ya jirani na kwangu, nikalipa, nikatolewa damu.

Daktari hakuhamaki. Alilaza karatasi zote mbili mezani, akaweka ncha ya kalamu kwenye maandishi madogo pembeni. "Mama Neema, hapa kikomo ni 25. Hapa ni 31. Umepimwa kwa mashine mbili." Kila mashine ina vitendanishi vyake, yaani kemikali za kupimia, kwa hiyo namba ya huku hailinganishwi na ya kule. Tukarudia palepale pa mwanzo: 23.

Nilishusha pumzi, ila sikuondoka. Nilitaka kuijua hiyo CA 15-3 ni kitu gani. Akasema ni kipande cha protini iitwayo MUC1, iliyo juu ya seli za titi, hata zenye afya. Seli za saratani huimwaga kwa wingi zaidi kwenye damu. Lakini uvimbe mdogo unaweza usiipandishe kabisa, na ini likiumwa linaweza kuipandisha bila saratani yoyote. Ndiyo maana, aliniambia, hata chama cha madaktari wa saratani cha Marekani hakishauri aliyemaliza matibabu na hana dalili apimwe namba hii kila mara.

"Sasa mwelekeo wangu nitaujuaje?"

Akafungua faili langu kwenye majibu ya kinyama, kile kipande cha uvimbe kilichokatwa kupimwa: ukubwa wa uvimbe, matezi mangapi ya kwapani yalikutwa na ugonjwa, vipokezi vya homoni ya estrojeni, HER2. Vipokezi na HER2 navyo ni protini, ila husomwa kwenye nyama ya uvimbe wenyewe. Faili hilo nilikuwa nalibana kwapani mwaka mzima, kliniki hadi kliniki, sijawahi kulifungua.

Kwa mwenzangu tunayekaa naye benchi moja kliniki mambo ni tofauti. Ugonjwa wake umefika kwenye mifupa, na kwake namba hiyo ina kazi, pamoja na picha na jinsi anavyojisikia. Alipobadilishiwa dawa, wiki ya tatu ilipanda kutoka 180 hadi 240. Alikuwa ameonywa mapema kwamba wiki nne hadi sita za mwanzo namba inaweza kuruka wakati dawa inafanya kazi. Mimi ningezimia. Yeye alikwenda sokoni.

Siku hizi hela ya maabara naiweka kwa ajili ya mamogramu, picha ya eksirei ya kila mwaka ya titi lililobaki. Kwenye daftari naandika maumivu ya mgongo yasiyoisha, kikohozi, uvimbe wowote kwenye kovu. Kurasa nyingi ziko tupu.

Juzi simu iliita saa moja asubuhi, ni yule mwenzangu wa benchi. Hata salamu hakutoa: "Tisini na mbili, dada!"