Ukuta Wangu Nauvua, Naufua

Wifi yangu anakaa mtaa wa Himbi hapa Goma, Kongo, nyumba ya matofali, na dirisha la salo yake, yaani sebule, linatazama Ziwa Kivu. Mimi nakaa karibu na soko la Birere, nyumba ya mbao, na dirisha la salo yangu linatazama choo cha jirani. Naanza na hilo ili mtu ajue ushauri niliopewa ulitoka upande gani wa mji.

Mama mkwe alikuwa amepiga simu kutoka Bukavu: baada ya Pasaka atapanda boti, aje Goma kuona wajukuu, akae wiki mbili. Wiki mbili! Baba Neema, mume wangu, akaitazama salo yetu, akaitazama tena, akasema, "Sasa mama macho yake atayaweka wapi?" Si kwamba palikuwa pachafu, mimi si mtu wa uchafu. Ila palikuwa na rangi ya ndani ya gunia. Mbao za mikaratusi zilizokauka hadi zikaachana, dari ya tripuleksi, zile mbao nyembamba, isiyo na rangi, sakafu ya saruji yenye nyufa, na kwenye kona lile jiwe. Jiwe lina habari yake, nitafika.

Wifi akaja na simu yake. Picha baada ya picha: salo nyeupe, fotei (makochi) nyeupe, zulia jeupe, na katikati mtoto mmoja aliyekaa kimya kama hajawahi kushika maharage. "Paka nyeupe tu, wifi, nyumba itapanuka." Nikamwamini. Mtu anayekaa Himbi akikwambia jambo la nyumba unaona kama amesomea.

Nilinunua ndoo mbili za rangi ya maji. Bei siitaji, maana Baba Neema anajua ilikuwa moja. Siku ya kwanza ukuta ulimeta, nikapiga picha nikamtumia wifi. Siku ya tatu mbao zikaanza kutoa jasho la kahawia, madoa kama mtu amemwaga chai kutoka juu, kwa sababu mikaratusi ina maji yake ya ndani na rangi ya maji inayavuta nje. Upande wa chini ndiyo usiseme. Bayeri, yaani mwenye nyumba, zamani alipaka oili chafu ya gari kuzuia wadudu, na pale rangi ilijikunja kama maziwa yaliyochacha. Mafundi wakapita mmoja mmoja kuniambia nilichopaswa kufanya: kupiga msasa, kutanguliza rangi ya mafuta, ndipo nyeupe ifuate, na penye oili kubadilisha ubao kabisa. Asante sana. Na hata ingekubali, nani anakaa na ukuta mweupe Goma? Vumbi letu ni jeusi, ni volkano, yaani lava iliyopoa, iliyosagwa na magurudumu ya pikipiki. Linaingia na mlango umefungwa.

Hapo ndipo jirani yangu, mama mmoja mwenye moyo mzuri kuliko akili, aliponiambia habari ya maboksi.

Naomba nisimulie polepole, maana nililipa kwa aibu. Unachukua maboksi ya Birere, yale wafanyabiashara wanayobakiwa nayo wakishatoa sabuni na maziwa, unayafungua, unayabandika ukutani, juu yake unaweka karatasi ya kaki. Upepo hauingii, ukuta unakuwa laini, na gharama ni kama bure. Gundi? "Fufu," akasema. Uji mzito wa unga wa mihogo. Nilipika sufuria kubwa ambayo kwa kawaida hutoka siku ya kilio tu. Jumamosi nzima mimi na watoto tulipaka na kubandika, jioni salo ikawa kama ndani ya ofisi ya notari. Hata mwangwi uliisha. Nilikaa kwenye fotei nikajisifu peke yangu.

Usiku wa tatu Neema akaja kitandani kwetu. "Mama, kuko kitu inakula ukuta."

Nilisikiliza. Kru, kru, kru. Ilitoka pande zote nne. Fikiria wewe ni panya wa Birere, umezaliwa sokoni, umezoea kupigania punje, halafu siku moja unakuta watu wamekuandalia bugali wa mita ishirini. Wakaja na shemeji zao. Mende nao wakaja, wao walikula kwa adabu, bila kelele. Nikaazima paka. Paka akaona ukuta unatembea, akaurukia kwa kucha, akashusha karatasi kutoka dari hadi chini kwa mpigo mmoja.

Bado sikukubali. Nilibandika upya, kwa fufu ileile, niwaficheje. Halafu ikanyesha ile mvua ya Goma isiyo na ubishi, maji yakapenya kwenye misumari ya mabati, maboksi yakavimba, salo ikanuka mihogo iliyolowekwa. Na Jumapili mchungaji akaja kututembelea. Tukafumba macho, akaanza kuombea nyumba hii, isimame imara, na alipofika kwenye "imara" boksi zima la upande wa kaskazini likajing'oa taratibu, kwa sauti kama ya kupasua kitambaa, likamkalia kichwani. Alimaliza sala akiwa ndani. Mtu wa Mungu yule. Alipoondoka Baba Neema alinitazama akasema, "Kumbe tumekuwa tukiishi ndani ya sahani."

Sasa, mimi ni fundi wa nguo. Miaka kumi na zaidi nashona, na aibu kubwa ni kwamba nilihangaika miezi yote hiyo na rangi na fufu wakati kazi yangu ni kufunika vitu vyenye kasoro vipendeze. Mteja akija na bega moja chini, simpaki rangi. Namkatia nguo inayokaa vizuri.

Nikaupima ukuta kama mteja. Nilinunua mashuka ya mtumba, yote ya rangi ya maziwa yenye chai kidogo, maana hiyo ndiyo rangi ambayo vumbi letu haliionei. Yalikuwa tisa au kumi, nadhani dola 20 na kitu, labda 25, pamoja na usafiri wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya mizigo, ulioleta na fito. Kushona sina la kueleza, ni mstari ulionyooka tu. Ujanja uko hapa: juu na chini ya kila shuka niliacha mfuko, kama wa kupitishia kamba ya sketi, ndani yake nikapitisha ufito mwembamba wa mbao. Ufito wa juu unakaa kwenye misumari iliyopinda, wa chini unaivuta nguo inyooke. Hakuna gundi, hakuna pini za stepo. Vumbi likizidi, nanyanyua, nachomoa fito, nafua asubuhi, jioni ukuta umerudi umevaa.

Kabla ya hapo nilikuwa nimeziba nyufa zote za mbao kwa vipande vya nguo vilivyosokotwa na vijifuko vya plastiki, nikisukuma kwa kisu butu. Sikuziba vizuri mara ya kwanza, na usiku upepo wa kutoka ziwani ulipoingia, kuta zote zikavimba na kunywea, zikavimba na kunywea. Mtoto mdogo akalia kwamba nyumba inapumua. Kwa hiyo ziba kweli.

Na kitu kimoja ambacho sicheki nacho: nguo ukutani na mshumaa havikai nyumba moja. Mitaa yetu ya mbao tunajua moto unavyoruka kutoka paa hadi paa. Mimi mbabula, jiko la mkaa, inabaki nje, mkaa ukiwa na uhai haingii ndani hata mvua inyeshe, na umeme ukikatika tunawasha taa ndogo za betri. Upande wa soketi niliacha ubao mtupu, kiasi cha mikono miwili kila pembeni.

Kitenge je? Kila aliyesikia nimeshona ukuta alidhani nimejaza vitenge. Hapana. Nilijaribu upande mmoja mzima, kitenge cha samaki wekundu, na kufika saa sita mchana kichwa kilikuwa kinaniuma. Kitenge kinataka kuwa peke yake kama mwimbaji. Niliweka utepe mmoja tu nyuma ya fotei ndefu, na vipande vilivyobaki kazini, vile ambavyo wateja hawarudi kuulizia, nikaunga foronya za mito. Kila mto una shangazi wa mtu ndani yake. Mteja mmoja alikaa akatambua gauni la harusi ya dada yake.

Rido, yaani mapazia, nilizitundika juu kabisa, chini ya dari, zikashuka hadi sakafuni, ingawa dirisha lenyewe ni dogo kama la kuuzia mkate. Ukiingia unadhani nyuma yake kuna dirisha refu. Mradi usizifungue, choo kipo palepale. Mwanga ulitoka kwingine: bati moja la juu tulilitoa, tukaweka lile la plastiki linaloangaza, na dari ya tripuleksi tukaikata tundu hapo chini yake. Dari hiyo ndiyo niliyopaka nyeupe, ile ndoo ya pili iliyobaki. Juu huko mikono ya watoto haifiki, na vumbi linaangukia chini, halipandi. Basi katika pande sita za salo wifi alipatia moja.

Nyumba ya mbao ina raha yake, nayo ni msumari. Kule Himbi wifi akitaka kutundika picha anaita fundi mwenye mashine ya kutoboa. Mimi nachukua nyundo. Jikoni vyote vinaning'inia: sufuria, vijiko, vikapu vya vitunguu, hata sahani nimezishonea mfuko wa gunia wenye vyumba. Hilo si urembo tu. Nilikuwa na bife la vioo, kabati la vyombo, zawadi ya ndoa. Tarehe 22 Mei 2021 mlima wetu wa volkano, Nyiragongo, ulipopasuka, na matetemeko yakafuata siku baada ya siku, na tulipoambiwa tuhame tukakimbilia mji wa Sake, mimi niliondoka na watoto na kichwa cha cherehani. Kurudi, bife lilikuwa limelala kifudifudi. Tangu hapo kitu kizito hakikai juu ya mtu anayelala, na kioo kikubwa hakiingii kwangu. Kilichopo ni kidogo, kimefungwa kwa waya mkabala na mlango, kinaongeza mwanga kidogo na kinaonyesha nani anaingia.

Chumba cha watoto sikufanya kitu cha maana. Niliwapa ukuta wa mbao na chaki. Chumba chetu kina pazia la kugawa na godoro, watu wazima hatudaiwi mapambo.

Haya, jiwe. Januari 2002 moto wa Nyiragongo ulipita mtaani kwetu ukielekea ziwani. Bayeri alikuwa na nyumba hapa, na bado ipo, ila ipo chini. Volkano ilipopoa alijenga juu yake, na pale ilipokataa kusawazishwa aliizungushia saruji. Ndiyo maana kona ya salo yetu ina kibyongo cheusi kinachonifika gotini, kipana kama beseni la kufulia. Tulikificha kwa kitambaa, tukaweka redio juu, wageni wakakijikwaa. Nikaita kijana wa kupasua mawe. Aligonga tangu saa mbili asubuhi hadi saa saba, nyundo ikavunjika mpini, akapata nusu beseni. Akafuta jasho, akaniuliza kama kokoto nazihitaji au achukue. Alichukua na dola 5 zangu.

Basi nikaliosha. Brashi ya kufulia, sabuni, maji ndoo nne, kwa sababu matundu yake yana vumbi la miaka. Lilipokauka lilikuwa jeusi la kupendeza, na mbele ya ukuta wa rangi ya chai likaonekana kama limenunuliwa. Nyuma yake niliweka taa ndogo, usiku matundu yanatupa vivuli hadi darini. Juu yake nikaweka chungu cha ule mmea wa majani marefu yaliyosimama kama visu, usiokufa hata ukisahau kuumwagia maji wiki tatu. Niliupata kwa jirani, bure.

Wifi alikuja siku moja kabla ya mama yake. Alipita mkono ukutani, akafunua pembe, akaachia. "Hii rangi inaitwaje?" Nikamwambia inaitwa shuka. Wiki iliyofuata aliniletea vipimo vya chumba chake cha wageni, na nilimtoza bei kamili.

Mama mkwe alifika amechoka na boti. Fotei nilizomwandalia, mito ya vitenge, utepe wa samaki, vyote alivipita. Akaenda moja kwa moja kwenye jiwe, akasogeza chungu pembeni, akakaa juu yake, akanyoosha miguu. "Hapa ndipo penye baridi nzuri," akasema. Wiki mbili alikaa hapo. Jioni moja akashika jani la ule mmea, akaligeuzageuza.

"Hili ua linaitwaje, mwanangu?"

Kwa Kifaransa linaitwa ulimi wa mama mkwe. Baba Neema, ambaye Kifaransa anakijua vizuri sana, akatoka nje ghafla kuangalia pikipiki.

"Ni majani tu, mama," nikasema. "Niongeze chai?"