Pevingi ya uani: dimbwi la mlango wa jiko limekauka

Hatimaye! Usiku wa kuamkia leo mvua imepiga Goba mpaka alfajiri, na asubuhi nimefungua mlango wa jiko nikiwa peku, nikakanyaga pakavu. Pevingi, yaani vitofali vya kutandaza chini, nimeipanga kipande hichohicho mara tatu, mita 3 za kwanza kutoka mlangoni.

Moramu ilishindiliwa vizuri, mchanga sentimita 4, vitofali vya sentimita 6, hayo yote hayakunisumbua. Kilichonitesa ni levo. Mteremko niliupanga sentimita 2 kwa kila mita, maana yake mwisho wa mita 3 niwe nimeshuka sentimita 6 kuelekea mferejini. Nikapima kwa mpira uliojazwa maji (maji ya ncha zake mbili husimama kimo kimoja), nikafunga kamba, nikapanga. Mvua ya kwanza, dimbwi. Nikasema mchanga umetitia. Nikafumua, nikashindilia, nikapanga tena kwa kamba ileile. Dimbwi palepale. Siku hiyo nilibakiza kidogo tu niikate sakafu ya jiko kwa grenda.

Jumamosi mzee jirani, fundi mstaafu, akaja kuazima toroli. Akautazama mpira wangu mara moja: "Mwanangu, huo una hewa."

Kweli. Upande wa mferejini, pale mpira ulipopanda kwenye kigingi, palikuwa na kipande cha hewa kirefu kama kidole cha kati. Hewa haina uzito wa maji, kwa hiyo maji ya upande ule yalisimama juu kuliko ya mlangoni, nami nikaweka alama nikiamini yamelingana. Nikautoa hewa, nikapima upya: badala ya kushuka sentimita 6, pevingi ilikuwa imepanda 1. Nilikuwa nimejenga bakuli, tena kwa ustadi, mara mbili!

Basi, mpira ni ule mwangavu, si wa kijani wa kumwagilia. Uujaze kwa kuvuta maji kutoka kwenye ndoo iliyowekwa juu; ukimimina kwa kikombe unaingiza mapovu. Kila kabla ya kupima, kutanisha ncha mbili: maji yasipolingana, usiguse kamba. Leza ya kupimia levo niliazima pia, lakini mchana wa jua ule mstari hauonekani, labda ufanye kazi saa kumi na mbili jioni na mbu. Pima maji ya mkono naiamini kwa kitofali na mwenzake, si zaidi.

Wiki hii ilikuwa zamu ya kabistoni (mawe ya kingo) za kuelekea getini. Sijazigusa. Najua pevingi isiyozuiwa pembeni hutawanyika, nimeegesha mbao kwa sasa. Tatizo ni lile rundo la vitofali vilivyobaki chini ya mwembe. Nilivipanga tu ili visizagae, nikajikuta nimekalia. Sasa nachimba msingi wa baraza. Kimo ndicho kinachobishaniwa: mimi nataka sentimita 45, mama anasema miguu yake itaning'inia.