Kutafuta Wadhamini wa Volt, Köln 2019

Februari 2019 nilikaa kwenye meza ya chama cha siasa cha Volt mjini Köln, Ujerumani, tukitafuta wadhamini, yaani wapiga kura wa kukitilia saini. Chama kilikuwa kichanga, hakina mbunge Ujerumani, na chama cha namna hiyo kilidaiwa saini 4,000 za wapiga kura ndipo orodha yake ya nchi nzima iingie kwenye karatasi ya kura ya Bunge la Ulaya. Mwisho wa kupokea: Machi 4, saa kumi na mbili jioni. Mimi na pasi yangu ya Tanzania sikuruhusiwa kudhamini, kukusanya hakukukatazwa.

Kila mdhamini hujaza fomu yake peke yake: majina, tarehe ya kuzaliwa, anwani, saini ya mkono. Kisha fomu hupelekwa manispaa anakoishi, karani aangalie daftari na kugonga mhuri kwamba kweli ni mpiga kura. Kazi iko hapo. Jumamosi ile wengi waliosimama walikuwa wamekuja mjini kununua vitu tu, huyu wa Bonn, yule wa Leverkusen. Tulizitenga fomu kwa miji, kila mji na bahasha yake, maana fomu ya mtu wa Bonn ikipelekwa Köln inarudi bila mhuri na siku zimeshakwenda. Aliyehama bila kusajili anwani mpya, fomu yake ina utata. Na mtu haruhusiwi kudhamini vyama viwili.

Mgombea wetu hakuhutubia. Alimuuliza kila mpita njia: "Unajua wabunge wako wa Ulaya hawawezi kuanzisha muswada wa sheria?" Wengi hawakujua. Kalamu ya kuandika miswada iko kwa Halmashauri Kuu ya Umoja wa Ulaya. Bunge linaweza kuiomba tu, kisha kurekebisha, kupitisha au kukataa. Na kwenye kodi, nchi moja ikipinga, jambo limekwama.

Mama mmoja wa makamo, fomu mkononi, akauliza hilo litabadilishwaje. Mgombea akamwambia wazi: mikataba lazima iandikwe upya na kila nchi mwanachama iridhie, ni kazi ya miaka. Hakulainisha neno. Nililiheshimu jibu lile kuliko ahadi yoyote niliyosikia kwenye kampeni. Yule mama akaweka saini.

Saini zilitimia. Mahakama ya Katiba ya Ujerumani ilikuwa imefuta mwaka 2014 kizingiti cha asilimia 3 ya kura ambacho chama kilipaswa kukivuka ili kipate kiti, kwa hiyo siku ya uchaguzi, Mei 26, asilimia 0.7 ya kura ilitosha kuipa Volt kiti kimoja kati ya 96 vya Ujerumani, akaingia Damian Boeselager.