Pete ya Ekseli

Jana nilipeleka simu kwa fundi pale Mtaa wa Aggrey, Kariakoo. Alipoyeyusha lehemu, harufu yake ikanipata, na kilichonijia si redio za Baba bali beringi ya Corolla. Nimelala nayo, nimeamka nayo, basi niiandike.

Ilikuwa 1994, mwaka wa mgao wa umeme. Corolla yetu, ile KE70, ilikuwa imeanza kunguruma nyuma. Baba hakuwa fundi magari, lakini aliusikiliza ule mlio kama anavyosikiliza redio mbovu. Akatupakia, mimi na Kaka, tukaenda mjini jioni barabara zikiwa tupu, tukazunguka kipilefti cha Mnara wa Askari. Ukizunguka kipilefti unakata kulia muda wote, na uzito wa gari unalalia magurudumu ya kushoto. Mlio ukapanda. Alipotoka na kukata kushoto ukanywea. "Nyuma kushoto," akasema, akarudi nyumbani bila neno jingine.

Hela ya beringi ilikuwepo, ya fundi haikuwepo. Jumamosi asubuhi alikwenda kwenye maduka ya spea ya mtaa wa Gerezani akarudi na beringi, sili ya oili na pete mpya ya chuma. Mjomba akaja na nyundo yake. Mawe mbele ya magurudumu, jeki, gogo chini ya ekseli, drami ikatoka. Oili ya difu ilikuwa imeshavuja hadi kwenye breki. Nati nne zinazoshika sahani ya breki zilifunguliwa kupitia tundu lililo kwenye uso wa shafti inayozungusha gurudumu, moja moja, shafti ikizungushwa kidogo kila mara. Shafti yenyewe iligoma. Mjomba akafunga rimu kinyume kwa nati zilizolegea, akawa analivuta kwa mikupuo mpaka likaja na shafti.

Pete ya zamani ndiyo iliyokula mchana wote. Umeme hakuna, kwa hiyo grinda hakuna. Waliikata kwa msumeno wa chuma, kwa zamu, wakiangalia meno yasiguse shafti, kisha Mjomba akaipasua kwa tindo. Beringi ikafuata kwa nyundo na matusi ambayo Mama aliyasikia toka jikoni.

Kabla ya kupachika mpya, Baba alituketisha kwenye kizingiti akatueleza, na ninamshukuru mpaka leo kwa sababu mafundi wengi hawaelezi. Katika ekseli ya namna ile, alisema, hakuna kitu kingine kinachozuia gurudumu lisichomoke. Sahani inashika beringi, beringi inashikwa na pete, na pete haina bolti wala pini, imeng'ata shafti tu. Ikiteleza, shafti inatoka na gurudumu na drami yake, njiani, na watu wamo ndani. Ndiyo maana pete haitumiki mara mbili, na ndiyo maana tundu lake ni dogo kuliko shafti. Ili ipite lazima ipanuke kwa moto. Chuma chenye tundu la milimita 30, ukikipasha nyuzi 120 zaidi, kinapanuka kama milimita 0.04. Unene wa karatasi nyembamba tu.

Sahani ya breki ikatangulia kwenye shafti, maana ukiisahau unaanza upya. Beringi ikafuata kwa kipande cha bomba kilichogusa duara la ndani tu. Ukipiga la nje, nguvu inapita kwenye gololi na beringi imekufa kabla haijatembea.

Giza lilikuwa limeingia. Kaka akashika kandili. Pete ilikuwa kwenye sufuria ya oili juu ya jiko la mkaa, imening'inizwa kwa waya isiguse kitako. Baba alitaka nyuzi 150 na hakuwa na kipimajoto. Akatoa waya wake wa lehemu. Ile ya bati 60 kwa risasi 40 inayeyuka karibu na nyuzi 190, kwa hiyo akawa anagusisha ncha yake kwenye pete. Ikiyeyuka, tumepitiliza. Haikuyeyuka. Oili ilikuwa imeanza kutoa moshi mwepesi. Akagusa tena.

Kisha akanipa koleo.

Shafti ilikuwa imesimamishwa wima, uso wake chini kwenye mbao, ncha ya meno juu. Mjomba alisema, "Shemeji, huyu mtoto." Baba hakumjibu. Aliniambia, "Usiwahi, usichelewe. Ukingo uliochongwa utazame juu." Nikaiinua. Oili ilidondokea makaa, moto ukaruka, sikuangalia. Pete ikaingia kwenye ncha, ikateremka kwa uzito wake yenyewe, ikapita sehemu nyembamba, ikafika pale shafti inaponenepa, na pale nikahisi kwenye koleo kwamba inasita. Nikaiachia. Ikashuka. Baba alishaweka bomba juu yake na Mjomba akapiga. Mlio wa kwanza ulikuwa mzito, wa pili mzito, wa tatu ukawa mkali na safi. "Imekaa," Baba akasema. Pete ikawa inapoa mbele ya macho yetu, inang'ata, na hakuna mtu angeweza tena kuibadilisha mawazo.

Kesho yake tulizunguka Mnara wa Askari, Kaka ametoa kichwa dirishani. Kimya.

Kwa nini mimi? Kaka alikuwa mkubwa na ndiye aliyekuwa anapenda magari. Sikumuuliza Baba, na sasa haulizwi. Mama anasema asubuhi ile walikuwa wamegombana, Baba na Kaka, kwa habari za shule. Kaka anasema hapana, ni kwa vile macho yangu yalikuwa usawa wa ncha ya shafti. Mimi nilikuwa na jibu langu, zuri kuliko yote mawili, na nililitunza kwa miezi kadhaa. Kisha beringi ya kulia nayo ikaanza kulia, Baba akaenda Gerezani, na usiku ule kandili nikashikishwa mimi. Koleo alipewa Kaka.